Captain America: Tunajifunza nini kwa shujaa wa Wamarekani?

UKIPITA katika masoko ya mitumba, iwe Karume jijini Dar es Salaam au Kongowea kule Mombasa, hutakosa kuona fulana ya mtoto yenye picha ya ngao ya duara. Pembeni ina miviringo myekundu na myeupe, na katikati ina nyota nyeupe juu ya rangi ya buluu. Ngao hiyo utaikuta pia kwenye mabegi ya shule, kwenye chupa za maji na katika mabanda ya video. Mwenye ngao hiyo anaitwa Captain America.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari. Siku moja, mwisho wa kipindi, kijana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza: "Ustaadh, huyu amevaa bendera ya Wamarekani. Sasa sisi tukimpenda, si tunakuwa tumewapenda wao na mambo yao?" Kabla sijajibu mwenzake akadakia: "Huyo ni propaganda tupu, Ustaadh. Dawa yake ni kutomwangalia kabisa."

Swali la kijana wa kwanza ni zuri, na jibu la mwenzake lina sehemu ya ukweli. Lakini jambo hili linahitaji muda zaidi ya dakika mbili za kusubiri kengele. Kwa hiyo nimeona nilieleze hapa kwa urefu, kwa faida ya vijana na ya wazazi wao.

Hoja yangu ni hii. Ukitaka kujua watu fulani wanajionaje, usiishie kusoma katiba yao. Sikiliza pia hadithi wanazowasimulia watoto wao. Katika hadithi hizo wataweka yale wanayotamani kuwa nayo, na bila kukusudia wataacha alama ya yale wanayoyaficha. Captain America ana zaidi ya miaka 80 sasa, na katika miaka hiyo yote Wamarekani wamekuwa wakibishana wao kwa wao kupitia kwake: nchi yetu ni nini hasa?

Alizaliwa akiwa ni hoja

Captain America alibuniwa na vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi ya uchoraji na uandishi wa katuni mjini New York, Joe Simon na Jack Kirby. Wote wawili walikuwa watoto wa familia za Kiyahudi za wahamiaji. Baba yake Simon alikuwa fundi cherehani aliyetoka Uingereza. Kirby, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Jacob Kurtzberg, alikulia Lower East Side, mtaa wa kimaskini uliojaa wahamiaji, na wazazi wake walitoka Austria.

Toleo la kwanza la jarida la Captain America Comics limeandikwa Machi 1941, lakini liliingia madukani Desemba 20, 1940, kwa bei ya senti 10. Juu ya jalada, kijana aliyevaa rangi za bendera ya Marekani anamtandika Adolf Hitler ngumi ya taya.

Hapa namuomba msomaji azingatie sana tarehe. Desemba 1940 Marekani ilikuwa haijaingia vitani. Bandari ya Pearl Harbor ilishambuliwa Desemba 7, 1941, karibu mwaka mzima baadaye. Wamarekani wengi hawakutaka kabisa kusikia habari za vita vya Ulaya, na Septemba 1940 ilikuwa imeundwa kamati kubwa iliyoitwa America First kwa ajili ya kupinga nchi kujiingiza. Aidha, walikuwepo waliomuunga mkono Hitler waziwazi. Februari 1939 kikundi cha German American Bund kilikusanya watu wapatao 20,000 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Jukwaani walitundika picha kubwa ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, pamoja na bendera za nchi na alama za Kinazi.

Tafakari jambo hilo. Wafuasi wa Hitler walikuwa wamejifunika bendera ya Marekani, na watoto wawili wa wahamiaji wa Kiyahudi nao wakamvika shujaa wao bendera hiyo hiyo, kisha wakampeleka akampige Hitler. Kila upande ulikuwa unadai kuwa huo ndio Umarekani wa kweli. Kwa maana hiyo Simon na Kirby hawakuwa wanatangaza sera ya serikali, kwani serikali ilikuwa haijafika huko. Walikuwa wanaiambia nchi yao: ikiwa kweli unaamini unayoyasema kuhusu uhuru na usawa wa watu, basi hapa ndipo unapopaswa kusimama.

Toleo hilo liliuzwa karibu nakala milioni 1. Simon alisimulia baadaye kuwa barua na simu za vitisho zilimiminika ofisini kwao, na watu wasiojulikana wakawa wanazurura nje ya jengo, mpaka polisi wakaletwa na Meya wa New York, Fiorello La Guardia, akawapigia simu kuwahakikishia kuwa watalindwa. Kirby mwenyewe aliingia jeshini, na mwaka 1944 alipelekwa Ufaransa akiwa askari wa miguu. Aliyemchora Hitler akipigwa akaenda kweli kupigana na majeshi yake.

Wanavyopenda kujiona

Hebu sasa tumtazame shujaa mwenyewe. Jina lake ni Steve Rogers. Ni kijana dhaifu, mwembamba, ambaye anakwenda kujiandikisha jeshini akakataliwa kwa sababu ya afya. Mwanasayansi mmoja anampa dawa ya majaribio inayomfanya awe na mwili na nguvu kupita binadamu wa kawaida. Jasusi wa Kinazi anamuua mwanasayansi huyo papo hapo, na siri ya dawa inapotea. Hivyo anabaki yeye peke yake.

Humo mna mambo matatu ambayo Wamarekani wanapenda kuyaona wanapojitazama.

La kwanza ni kwamba ukubwa hautokani na ukoo. Rogers hakuzaliwa katika nasaba ya wafalme. Ni mtoto wa mtaa wa wahamiaji, na masimulizi ya baadaye yanasema wazazi wake walitoka Ireland. Ahadi kubwa ya Marekani kwa watu wake ni kwamba yeyote, atoke popote, anaweza kupanda.

La pili ni kwamba wema ulitangulia nguvu. Dawa haikumpa moyo wa ushujaa, alikuwa nao tangu alipokuwa hawezi hata kuinua bunduki. Sinema ya mwaka 2011 imelieleza jambo hili vizuri: mwanasayansi anamchagua mnyonge kwa sababu mnyonge anajua thamani ya nguvu, hivyo ataionea huruma dunia. Taifa lenye jeshi lenye nguvu kubwa linapenda kuamini kuwa nguvu zake zimewekwa mikononi mwa mtu mwema.

La tatu ni ngao. Hakuwa wa kwanza kuvaa bendera, kwani Januari 1940 kampuni nyingine ilikuwa imetoa shujaa aliyeitwa The Shield, na malalamiko ya kampuni hiyo ndiyo yaliyofanya ngao ya Captain America, iliyokuwa na pembe katika toleo la kwanza, igeuzwe kuwa ya duara. Lakini kwa umbo lolote, silaha yake inayojulikana ni ya kujikinga. Upanga hushambulia, ngao hulinda. Nchi inayomchagua shujaa mwenye ngao inasema: sisi hatuanzi, sisi tunalinda.

Haya ni mambo mazuri, na sioni aibu kuyaita mazuri. Kumhurumia mnyonge, kumpima mtu kwa tabia yake badala ya nasaba, na kutumia nguvu kwa kulinda, ni mambo ambayo hata sisi tunayafundisha. Tatizo haliko katika misingi hiyo. Swali ni je, nchi iliyomchora ilikuwa inaishi hivyo?

Waliokosekana katika picha

Wakati Captain America akipigana na Manazi kwenye karatasi kwa jina la usawa, jeshi halisi la Marekani lilikuwa limetenganishwa kwa rangi. Askari Weusi walikuwa na vikosi vyao na kambi zao, na wengi wao wakipewa kazi za kubeba mizigo na kupika. Utengano huo ulipigwa marufuku kwa amri ya Rais Harry Truman Julai 26, 1948, miaka mitatu baada ya vita kwisha.

Februari 19, 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri iliyofungua njia ya kuwakusanya watu wenye asili ya Japani waliokuwa wakiishi pwani ya magharibi na kuwapeleka makambini. Watu wapatao 120,000 waliondolewa majumbani mwao, na takriban theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani. Katuni za wakati huo hazikuwatetea. Badala yake majalada ya vita yaliwachora Wajapani wakiwa na meno na sura za kutisha kama wanyama.

Kwa hiyo tangu mwanzo shujaa huyu alikuwa na pande mbili. Alisimama dhidi ya ubaguzi wa Hitler kabla ya serikali yake, na wakati huohuo alinyamaza juu ya ubaguzi wa nyumbani kwake. Anayemsifu tu hajamsoma vizuri, na anayemlaani tu naye hajamsoma vizuri.

Alipogeuzwa tarumbeta

Vita vilipokwisha watu walichoka na mashujaa wa aina hii, na jarida lake likafa mwaka 1950. Mwaka 1954 wenye kampuni walijaribu kumfufua. Safari hii adui alikuwa mkomunisti, na juu ya jalada waliandika kuwa yeye ni msaga-wakomunisti. Hii ilikuwa ndiyo zama ya Seneta Joseph McCarthy, ambapo walimu, waandishi na waigizaji walifukuzwa kazi kwa tuhuma tu za ukomunisti. Captain America wa mwaka 1954 hakuwa na swali lolote kwa nchi yake. Alikuwa akirudia yale yanayosemwa na wakubwa. Wasomaji hawakununua, na baada ya matoleo matatu tu akazikwa tena.

Aliporudishwa mwaka 1964, Stan Lee na Jack Kirby walisimulia kwamba alikuwa ameganda kwenye barafu tangu mwaka 1945. Hadithi hiyo ilizaa utata: ikiwa aliganda mwaka 1945, yule aliyekuwa akiwasaka wakomunisti mwaka 1954 alikuwa nani?

Jibu lilitolewa mwaka 1972 na mwandishi kijana aliyeitwa Steve Englehart. Huyu alikuwa ameruhusiwa kuondoka jeshini kwa sababu dhamiri yake ilimkataza kupigana. Katika hadithi yake, yule wa 1954 alikuwa mtu mwingine kabisa, mpenzi wa Captain America aliyejifanya yeye, akatumia dawa isiyokamilika ikamharibu akili. Akawa anamwona kila mtu mkomunisti, na kila mtu Mweusi adui. Captain America wa kweli analazimika kupigana na mtu mwenye sura yake na vazi lake.

Naona hiki ni kisa kinachofaa kufundishwa darasani. Wamarekani wa mwaka 1972 waliitazama Marekani ya mwaka 1954 wakasema: huyo hakuwa sisi, alikuwa mwendawazimu aliyevaa nguo zetu. Ndani yake mna toba, kwani wamekiri kuwa mtu anaweza kuvaa bendera na kupiga kelele za uzalendo huku akiwa adui wa misingi ya bendera hiyo. Lakini ndani yake mna ujanja pia. Ni rahisi mno kumtupia mgeni makosa ya nyumbani. McCarthy hakuwa mgeni. Alichaguliwa kwa kura.

Alipoweka ngao chini

Englehart hakuishia hapo. Kati ya mwaka 1973 na 1974 Marekani ilikuwa inatikiswa na kashfa ya Watergate, na kila wiki ukweli mwingine ulikuwa ukifichuka juu ya Rais Richard Nixon na wasaidizi wake. Katika hadithi, Captain America anakifuatilia chama cha siri kinachotaka kuipindua nchi. Anamkimbiza kiongozi wake mpaka ndani ya Ikulu ya Washington, anamvua kifuniko cha uso, na kumkuta ni mtu mkubwa serikalini. Msomaji haonyeshwi sura hiyo, na mtu huyo anajiua hapo hapo. Englehart amesema wazi kuwa alikuwa anamkusudia Nixon. Hadithi hiyo ilitoka katikati ya mwaka 1974, na Agosti 9 mwaka huohuo Nixon aliondoka madarakani.

Kilichofuata ndicho kikubwa zaidi. Captain America alivua vazi lake akaacha kazi. Kwa miezi kadhaa alijiita Nomad, yaani mtu asiye na makazi, asiye na nchi. Aliporudi mwaka 1975, alirudi kwa hoja mpya: kwamba yeye hakuwa mtumishi wa wale wanaotawala, bali wa ile misingi ambayo nchi inadai kujengwa juu yake.

Mwaka 1987 jambo hilo lilirudiwa kwa namna nyingine. Tume ya serikali ilimwambia kuwa jina, vazi na ngao ni mali ya serikali, hivyo afanye kazi kwa amri zao. Akafikiri, akawarudishia ngao yao, akaondoka. Serikali ikampa vazi mtu mwingine mtiifu, na msomaji akaona kwa macho yake kuwa mtiifu yule alikuwa mkatili.

Msomaji wetu huenda akastaajabu: iweje shujaa wa kizalendo awe maarufu kwa kukataa amri? Lakini hapo ndipo penye somo. Ipo tofauti kubwa kati ya kuipenda nchi na kuwatii walioshika nchi. Katika sehemu nyingi za dunia, anayewakosoa wakubwa huambiwa hana uzalendo. Katuni hii, ambayo watu wazima wengi wanaiona ya kitoto, ilitoa jibu mwaka 1974: inawezekana mwenye uzalendo zaidi ni yule aliyeiweka ngao chini.

Baada ya Septemba 11

Sasa tufike mahali ambapo jambo hili linatugusa sisi moja kwa moja. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, jarida lake lilianza upya mwaka 2002. Ilikuwa rahisi kutabiri kitakachotokea: shujaa wa bendera, na adui mwenye jina la Kiislamu. Na kweli adui alikuwepo, gaidi anayeitwa Faysal al-Tariq.

Hata hivyo, mwandishi John Ney Rieber na mchoraji John Cassaday waliweka mambo mawili ambayo wengi hawakuyatarajia. Katika toleo la kwanza kabisa, Captain America anamkinga kijana wa asili ya Kiarabu dhidi ya Mmarekani mwenye hasira aliyetaka kulipiza kisasi kwa mtu asiye na hatia. Kisha, gaidi anapokabiliana naye, anamtupia swali la watoto waliopoteza mikono na miguu kwa mabomu ya kutegwa ardhini, na hadithi hailipuuzi swali hilo. Wapo wakosoaji wa mrengo wa kulia waliokasirika, wakasema jarida hilo linaisaliti nchi wakati wa vita.

Ni wajibu wetu kuwa waadilifu hapa. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au jamaa zetu, na Al-Maaidah, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Basi tuseme yote mawili. Ni kweli kwamba Mwislamu aliingia katika hadithi ile akiwa gaidi au akiwa mhitaji wa kuokolewa, na hakupewa nafasi ya tatu. Na ni kweli vilevile kwamba, wakati misikiti ikishambuliwa na watu wakitiwa ndani bila mashtaka, wapo Wamarekani waliotumia shujaa wao mkubwa kuwaambia watoto wao kuwa jirani yako Mwarabu si adui yako.

Mwaka 2003 likaja pigo zito zaidi. Robert Morales na mchoraji Kyle Baker, wote wawili watu wa rangi, walitoa hadithi ya matoleo saba iitwayo Truth: Red, White & Black. Humo tunaambiwa kuwa dawa ile ya ushujaa ilijaribiwa kwa askari Weusi, bila ridhaa yao, na wengi wakafa. Mmoja aliyesalia, Isaiah Bradley, alivaa vazi la Captain America akaenda vitani, na aliporudi akatiwa jela.

Hadithi hiyo ni ya kubuni, lakini mzizi wake si wa kubuni. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipokuwa tiba inayojulikana hawakupewa. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa Mei 16, 1997. Morales alichukua jeraha hilo akaliweka ndani ya kifua cha shujaa wa taifa. Alisema kwa lugha ya picha kwamba chini ya bendera hiyo yupo mtu aliyeteswa, na mkamsahau.

Kalamu ikibadilisha mikono

Tangu hapo mambo yamekwenda kwa kasi. Mwaka 2007, baada ya kuipinga sheria ya serikali ya kuwaorodhesha mashujaa wote, sheria ambayo wasomaji wengi waliifananisha na sheria za usalama za baada ya 2001, Captain America aliuawa kwa risasi kwenye ngazi za mahakama. Habari ya kifo cha mtu wa karatasi ikatangazwa na vyombo vikubwa vya habari. Alirudishwa baadaye, kama kawaida ya katuni.

Mwaka 2014 ngao ilikabidhiwa kwa Sam Wilson, Mmarekani Mweusi wa Harlem aliyekuwa rafiki yake katika hadithi tangu mwaka 1969. Na mwaka huohuo wa 2014, kampuni ileile iliyotuletea Faysal al-Tariq ilianzisha jarida la Kamala Khan, binti wa Kiislamu wa Jersey City ambaye wazazi wake ni Wapakistani. Mwandishi wake, G. Willow Wilson, ni Mwislamu, na mhariri wake, Sana Amanat, ni Mmarekani mwenye asili ya Pakistani. Mwanzoni mwa mwaka 2015 mabasi ya San Francisco yalipobandikwa matangazo ya kuukashifu Uislamu, kuna watu walipita wakabandika picha za Kamala juu yake.

Msomaji aone mnyororo huu. Mwaka 1940 watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi walijichora ndani ya Marekani. Mwaka 2003 watu Weusi walidai nafasi yao katika hadithi ileile, na mwaka 2014 Waislamu wakafuata. Picha ilibadilika kila mara kalamu ilipoingia mikononi mwa yule aliyeachwa nje. Malalamiko peke yake hayakuibadilisha.

Wala ugomvi haujaisha. Januari 6, 2021 umati ulipovamia jengo la Bunge la Marekani ili kuzuia matokeo ya uchaguzi, walikuwemo waliovaa alama za Captain America. Mtoto wa Jack Kirby alitoa kauli hadharani kulaani matumizi hayo ya shujaa aliyebuniwa na baba yake. Ni mambo yaleyale ya ukumbi wa Madison Square Garden mwaka 1939: bendera moja, madai mawili.

Maswali matatu ya kwenda nayo

Baada ya kuyaeleza haya, nawapa wanafunzi, wazazi na walimu wenzangu maswali matatu ya kumpima shujaa yeyote wa taifa lolote, awe wa katuni, wa sinema au wa kitabu cha historia.

Kwanza, shujaa huyu anatii nini? Kama kazi yake ni kuwashangilia walioko madarakani, huyo ni tarumbeta, na hadithi ya mwaka 1954 imetuonyesha mwisho wa tarumbeta. Kama ana uwezo wa kuwaambia hapana kwa jina la misingi wanayoihubiri, hapo pana kitu cha kujifunza.

Pili, nani hayumo katika picha? Katika kila hadithi ya utukufu, mtafute aliyebeba mizigo, aliyewekwa kambini na aliyefanyiwa majaribio. Usipomuona, ujue hadithi haijakamilika.

Tatu, nani ameshika kalamu, na nani anapokea pesa? Tusisahau kuwa shujaa huyu anayeitwa wa watu wote ni mali ya kampuni. Marvel ilinunuliwa na Disney mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4. Anaweza kusema maneno ya haki leo kwa sababu yanauzika, na kesho akasema mengine kwa sababu hiyohiyo.

Mzazi hana haja ya kuchoma fulana ya mwanawe. Akae naye, amuulize maswali hayo. Mtoto aliyezoea kuuliza hatatekwa na picha, iwe ya Wamarekani au ya wengine.

Na maswali hayo yatupime na sisi. Ni wepesi wa kuuliza kwa nini Wamarekani hawaishi kama shujaa wao, na tuna haki ya kuuliza hivyo. Lakini mashujaa wetu tunawasimuliaje? Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, hakutuchorea kiongozi asiye na shaka. Alituonyesha mtu aliyelemewa na uzito wa neno lake mwenyewe. Wangapi wamefuata njia hiyo? Mara nyingi tunachowapa watoto ni jina, tarehe ya vita na mahali alipozikwa, kisha tunashangaa wakienda kutafuta shujaa sokoni.

Wapo vijana wetu wanaojua kuchora, na wapo wanaojua kuandika. Wapewe karatasi, wapewe historia kamili pamoja na sehemu zake chungu, na waruhusiwe kumchora shujaa ambaye siku moja atatugeukia sisi wazazi, walimu na viongozi wao, atuulize kama tunayaishi tunayoyahubiri. Tuko tayari kuulizwa?

Wallaahu a'lam.